Wakia ya Dania, Chungu cha Chinsaga

Nianze na ujinga wangu mwenyewe kabla majirani hawajausimulia kwa niaba yangu. Siku ya nne baada ya mke wangu kujifungua mtoto wetu wa kwanza, nilibeba chungu cha mboga ambacho mama yangu alikuwa amekishughulikia kwa siku tatu, nikakipeleka nyuma ya nyumba na kuimwagia migomba. Chungu sikukivunja, maana mimi ni mtu wa adabu. Nilikisuuza, nikamrudishia mama kikiwa safi, kisha nikamweleza, kwa sauti ya mtu aliyefika sekondari, kwamba mboga ile kwa hesabu haina kitu.

Kwetu mwanamume hachungulii chungu kilichoko jikoni, sembuse kukimwaga. Baba yangu alikufa bila kujua kifuniko kinashikwa upande gani. Lakini mimi nilikuwa nimesoma, tena nilikuwa mfuasi wa Mwalimu wa Mizani. Huyo ndiye ninayetaka kumweleza hapa. Nimeanza na nafsi yangu kwa sababu watu tunaokaa sana nyumbani hatuna mwingine wa kuanza naye.

Mwalimu wa Mizani aliletwa kwetu Manga vita vikuu vya pili vilipokwisha, wakati vijana waliorudi kutoka Burma walikuwa bado wakivaa makoti yao ya jeshi kanisani. Alitumwa afundishe akina mama juu ya chakula. Yeye hakuwa wa kwetu. Alitoka upande wa ziwani, na Ekegusii yake, lugha yetu, haikuvuka salamu. Alifundisha kwa Kiswahili, Kiswahili cha shule kama hiki changu, na kwa hiyo ilibidi awe na mkalimani. Kwa miaka miwili ya kwanza mkalimani huyo nilikuwa mimi, siku zile nilipoweza kung'olewa nyumbani kwangu. Nilikuwa nimekaa sekondari miaka miwili nikarudi. Watu niliwaambia nilirudi kwa sababu ya homa. Kweli yenyewe ni kwamba nililikumbuka jiko la mama, na kule shuleni hapakuwa na mtu wa kuniuliza kama nimekula.

Alikuwa mrefu na mwembamba, hata wanawake walinong'ona kwamba kama mafundisho yake ya chakula ni ya kweli, basi yeye hajawahi kuyasikia. Alivaa kaptula ya kaki na soksi za kufika magotini, na soksi ya mguu wa kushoto ilishuka kila baada ya hatua ishirini. Alisimama, akaiinua, akaendelea. Mizani yake ilikuwa ya chuma, yenye ndoano chini na uso wa shaba ulioandikwa ratili na wakia, naye aliibeba begani kama mtu anayetoka kuvua. Akifika penye mkutano aliitundika kwenye mti wa mlango wa kanisa, akaigonga kwa kidole ili mshale utulie, kisha akasema neno lake lile lile: "Mizani haina shangazi."

Mara ya kwanza nilishindwa kulitafsiri, si kwa sababu ya maneno bali kwa sababu sikuona mtu asiye na shangazi anatufaa nini. Akanieleza. Mtu yeyote unaweza kumwendea kupitia kwa shangazi yake, ukamlainisha, akageuza neno. Mizani huna pa kuipitia. Wanawake walicheka sana nilipowaambia. Mmoja akasema basi maskini, nani aliyeipikia siku ya harusi yake?

Alipima kila kitu. Kule Mosocho, kwenye duka la Mhindi, alinunua sukari, akatoka nje, akaining'iniza pakiti yake pale pale barazani, akaona imepungua. Mtu mwingine angerudi ndani akanong'ona. Yeye alimwita mwenye duka atoke auone mshale mbele ya wateja. Duka likamfungia mlango tangu siku ile, na kwa miaka yote aliyokaa kwetu alikwenda kwa miguu hadi Marani kununua chumvi, soksi ikishuka, soksi ikipanda. Nilimwambia angeweza kumwomba radhi yule Mhindi mambo yakaisha. Akaniuliza amwombe radhi kwa kuwa amefanya nini. Mimi ni mtu wa kuomba radhi hata nikikanyagwa.

Ulimi wake ulikuwa mkali kwa watu wazima. Aliwaambia wanawake wenye miaka mara mbili ya yake kwamba wanawaua watoto kwa uji mwepesi, na nililazimika kulipitisha neno hilo kwenye kinywa changu mimi, mtoto wao, nikitazama chini. Lakini kwa watoto wachanga alikuwa mtu mwingine kabisa. Kwetu mtoto mchanga hakodolewi macho na mtu wa mbali. Kuna macho yanayosemekana humwingia mtoto na kumdhuru. Mwalimu alitaka kuwapima watoto, na kina mama wakakataa kumtundika mtoto mbele ya mgeni. Alifikiri wiki nzima. Kisha akaja na kiondo kilichotandikwa nguo, akakitia kwenye ndoano, na kabla mtoto hajatolewa mgongoni kwa mamaye, akageuka akawapa mgongo. Mama mwenyewe aliweka mtoto, mama mwenyewe akaweka kidole kwenye uso wa shaba mahali mshale uliposimama, akamtoa mtoto na kumfunika, na hapo ndipo Mwalimu aligeuka kukisoma kidole. Aliwapima watoto wa Manga wote hivyo, bila kumwona hata mmoja akiwa uchi. Sijapata kuona heshima kubwa kuliko ile, na inaniudhi kuiandika, kwa sababu leo nilikuwa nimekaa nimseme vibaya.

Sasa dania. Wakati ule kwetu hapakuwa na mtu aliyepanda dania. Tulijua mbegu zake tu, zile za kusaga, zilizouzwa madukani kwa Wahindi. Mwalimu alizinunua Marani, akazipasua kidogo kwa jiwe, akazitia udongoni nyuma ya nyumba aliyopewa yeye na mkewe, zikaota. Alitembea kati ya matuta yale kama chifu akikagua barabara. Alimpa kila mama kishada cha majani. Walikinusa, wakatazamana, na mama yangu ndiye aliyesema kwa sauti kwamba jani hili linanuka kunguni. Niliona aibu. Nilimtafsiria Mwalimu kwamba mama anasema harufu yake ni ngeni. Akaniambia, "Nimesikia watu wakicheka. Harufu ngeni haichekeshi hivyo." Ikabidi nimwambie kunguni. Akalinusa jani upya, kwa makini, akakubali kwamba ni kweli.

Somo lenyewe nalikumbuka neno kwa neno, na hilo ndilo balaa langu. Alitundika ratili moja ya dania mbichi, akaishusha. Akatundika ratili moja ya chinsaga, ile mboga chungu ambayo Waswahili huiita mgagani, na ambayo kwetu ndiyo ya mzazi: mwanamke akishajifungua hupikiwa hiyo, siku baada ya siku, ili arudishiwe damu aliyoimwaga. Akafungua daftari alilotoka nalo kwenye mafunzo yake, lenye jedwali lililopigwa mistari kwa rula. Ratili kwa ratili, akasema, jani hili dogo lina chuma cha damu, lina chokaa ya mifupa, lina vitamini, na mkilila bichi halijapoteza kitu. Mboga yenu nayo si maskini. Lakini mnaifanyaje? Mnaichemsha, mnamwaga maji yake ya kwanza meusi, mnaichemsha tena, mnamwaga, mnaitia maziwa, mnailaza, mnaichemsha kesho na kesho kutwa. Kila mnapomwaga maji, mnamwaga nusu ya kile mlichokilima. "Ulimi ni mjinga," akamaliza. "Damu ndiyo yenye akili. Ulimi unataka kulainishiwa, damu inataka kulishwa."

Nililitafsiri hili kwa raha kubwa. Nilipandisha sauti, nikanyoosha kidole. Nadhani nililifundisha vizuri kuliko yeye.

Hapo mama yangu alisimama. Mama hakusoma, na mkutanoni hakuwa msemaji, ila siku ile ya kunguni ilikuwa imemtia moyo. Aliuliza, "Huyo mzazi atakula majani haya kiasi gani kwa siku? Kwa sababu mimi chinsaga nampa bakuli asubuhi na bakuli jioni, na bakuli si kishada." Nikamtafsiria Mwalimu. Alitoa kalamu ya risasi nyuma ya sikio, akaliandika lile swali kwenye ukingo wa jedwali lake, akasema hilo hajalipima, atalipima. Wanawake wakaondoka. Mimi niliondoka na jedwali kichwani, na lile swali sikulibeba, kwa kuwa liliulizwa na mama yangu, ambaye nilimjua tangu utotoni na sikumdhania kuwa na swali.

Tena nieleze ukinzani mwingine wa mtu huyu, maana haukufichika. Yeye mwenyewe aliipenda chinsaga kupita kiasi. Kwao ziwani huila pia, wanaiita dek, na alilelewa nayo. Akikaribishwa nyumbani kwa mtu aliulizia kama ipo, akala mpaka bakuli likawa jeupe, akapangusa masharubu. Nilipomwuliza kwa utani mwalimu anafundishaje hiki na kula kile, hakuona aibu. Alisema yeye anakula kwa ulimi wa mama yake, ambaye amekufa na hawezi kufundishwa. Ningetega sikio siku ile, ningesikia mtu anayenionya. Nilisikia kichekesho tu, nikakirudia kwa watu.

Mke wangu, Nyaboke, alijifungua mwezi uliofuata. Mtoto alitoka salama, msichana, tukamwita Moraa. Mama mtoto ndiye aliyevuja damu. Mkunga aliisimamisha asubuhi, lakini viganja vyake vilikuwa vimekuwa vyeupe kama upande wa ndani wa ganda la mgomba. Mama yangu hakupoteza muda na maneno. Alichuma chinsaga, akainjika chungu, na siku ya nne mboga ilikuwa laini, imekolea maziwa ya kulala, ndipo mimi nikafanya nililolieleza mwanzo.

Mama alikipokea chungu chake kilichosuuzwa. Hakunitukana. Aliuliza kama mke wangu ndiye aliyesema anataka kimwagwe, nikasema hapana, ni mimi. Akasema ni sawa, basi mwenye nyumba amesema. Alikwenda kukaa kwa ndugu yangu Marani, na hakurudi kwa muda wa majuma saba. Kwa mwanamke wa kwetu kukatazwa kumlisha mzazi, mke wa mwanawe, si jambo la kupatanishwa kwa kikombe cha chai.

Nikabaki mpishi. Nilikuwa nimepata tuta langu dogo la dania kwa mbegu za Mwalimu, na nililihudumia kama mtoto wa pili. Niliyaponda majani nikayatia kwenye maji yaliyopoa, nikampa mke wangu kikombe. Niliyakatakata nikayanyunyiza juu ya kabichi na juu ya uji. Uji wenyewe niliupika mwepesi, nikidhani wepesi wake unapisha majani. Yote mabichi, yote hayajapoteza kitu. Nyaboke ni mtu wa maneno machache, na siku zile yalizidi kupungua. Nilihesabu ukimya wake kuwa dalili ya kupona.

Juma la tatu maziwa yake yalianza kukauka. Mtoto alinyonya, akaacha, akalia, akanyonya tena hewa. Tukamjaribisha maziwa ya ng'ombe, yakamharisha. Dada yake Nyaboke aliyeolewa Mosocho alikuwa ananyonyesha mtoto wake wa miezi mitano, naye alikuwa na maziwa ya kutosha wawili. Alikuja akamchukua Moraa. Ilisemwa ni kwa majuma mawili, mpaka mamaye apate nguvu.

Nguvu zilirudi, si kwa sababu yangu. Jirani yetu, mama mjane ambaye shamba lake limetengwa na letu kwa ua wa mikakaya, alianza kupitisha bakuli la chinsaga chini ya ua ule kila asubuhi na kila jioni. Hakuniomba ruhusa. Nililiona bakuli, nikajifanya natazama migomba. Baada ya miezi mitatu viganja vya mke wangu vilikuwa na rangi. Lakini maziwa hayakurudi, na majuma mawili ya Moraa yakawa mwaka, mwaka ukawa miaka saba. Kila tulipokwenda kumchukua alilia mpaka akatapika, dada mtu naye akalia, tukarudi mikono mitupu tukisema tutajaribu akiota meno, akiachishwa, akijua kusema. Alipojua kusema, nilipofika Mosocho aliniletea kigoda na maji ya kunawa, akaniuliza kwa adabu nzuri kama nimetoka mbali. Niliona jinsi alivyolelewa vema. Nyaboke alikuwa kando yangu siku ile. Tangu hapo hakwenda tena. Alisema magoti yanamwuma.

Moraa alirudi kwetu mwishowe, akiwa na miaka saba, shemeji yangu alipohamia na mumewe mbali. Alisimama mlangoni na kifurushi chake akingoja aonyeshwe mahali pa kukaa. Mamaye alimwonyesha. Wanaheshimiana sana, wale wawili, hata leo. Wanaombana chumvi kama wapangaji.

Kwa miaka hiyo yote nilikuwa na mtu wa kumlaumu, na sikumficha. Kwenye mazishi, kwenye pombe za risaga watu wakimaliza kulimiana, nilisimulia habari ya Mwalimu wa Mizani, nikiigiza anavyoinua soksi, na watu walicheka, na mwisho wa kicheko niliweka lile neno: mtu yule alikausha maziwa ya mke wangu kwa jedwali. Hakuwapo kujitetea. Alikuwa ameondolewa Manga kama nusu mwaka baada ya mtoto wangu kupelekwa Mosocho. Ilisemekana aligombana na afisa aliyekuwa juu yake. Nilisikia nikafurahi, nikasema ndiyo malipo. Hata sikuuliza waligombania nini.

Kisha, katika miaka ile ya hali ya hatari, wakati barua za kusafiria zilikaguliwa na kila mtu alizungumza kwa sauti ya chini, ndugu yangu akaniambia kwamba Mwalimu yuko Marani, amezeeka kabla ya wakati, amepanga chumba nyuma ya fundi cherehani. Nikaamua kwenda. Mtu anayenijua atapima uzito wa jambo hilo: mimi, ambaye hata kwenda kukata nywele ni safari, nilitoka Manga alfajiri na fimbo. Njia nzima nilitunga hotuba. Nilikuwa nimeshapata mwanzo wake na mwisho wake, na mahali pa kunyamaza katikati.

Nilimkuta ameketi juani kwenye kigoda. Jicho moja lilikuwa limefunga ukungu. Hakunitambua kwa uso, lakini nilipobisha hodi aligeuza kichwa. "Mkalimani," akasema, akafurahi kweli, jambo lililoniharibia mwanzo wa hotuba.

Hata hivyo nilimwambia. Nilimwambia habari ya chungu, na ya mama kwenda Marani, na ya maziwa, na kwamba mtoto wangu aliniletea kigoda kama mgeni. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipofika mahali pa kunyamaza nilinyamaza, yeye naye akanyamaza. Kisha akaingia ndani, akapapasa chini ya kitanda, akatoka na daftari lile la jedwali. Aliniomba nimsomee mimi, kwa kuwa macho yake hayawezi tena kalamu ya risasi.

Ukingoni palikuwa na swali la mama yangu. Chini yake, kwa mwandiko mdogo, palikuwa na kipimo cha siku saba. Alikuwa amempa mkewe majani ya dania atumie apendavyo jikoni, na kila siku alikitundika kile kilichoingia chakulani kabla hakijakatwa. Siku saba mfululizo ameandika neno moja: mshale haukutikisika. Kando yake aliandika bakuli la chinsaga ya kupikwa, iliyokwisha kumwagwa maji yake yote, la asubuhi na la jioni, wakia kwa wakia. Mtu hahitaji sekondari kuona upande uliokuwa mzito.

"Jedwali halikudanganya," akasema. "Ratili kwa ratili ni kama nilivyosema. Ila hakuna mtu duniani anayekula ratili ya dania. Mama yako aliliona hilo akiwa amesimama. Mimi lilinichukua juma zima na mizani."

Nikamwuliza, na sauti yangu haikuwa ile ya hotuba, kwa nini basi hakusema.

Akanitazama kwa lile jicho zima. "Nilisema. Mkutano uliofuata, pale pale mlangoni pa kanisa. Niliwaambia akina mama kwamba nilifananisha vitu visivyofanana, nimekosea, mzazi apewe chinsaga kama zamani, ila maji ya kwanza wayapunguze. Aliyenitafsiria alikuwa katekista. Wewe nilikuwa nimetuma mtu akuite. Ulijibu kwamba una mgonjwa, huwezi kutoka nyumbani."

Nilikumbuka yule mtu aliyetumwa. Nilimkumbuka hata shati lake. Nilikuwa natwanga dania alipobisha, nikamjibu bila kufungua mlango.

Aliendelea, taratibu, bila kujipigania. Afisa wake alikuwa amekwisha kuandika huko juu kwamba Manga nzima inapanda dania. Alimtaka Mwalimu asimame tena aseme hakukosea. Mwalimu akakataa, na ndiyo sababu akaondolewa, akazungushwa huku na huku mpaka kazi ikaisha. Hakulisimulia hilo kama kisa cha ushujaa. Alilisimulia kama vile alivyonisimulia zamani habari ya pakiti ya sukari.

"Wanawake zaidi ya arobaini walinisikia," akasema. "Nilidhani mmoja atakuambia."

Aliniomba nikae nile. Sikukaa. Nilimwambia njia ni ndefu, na hilo lilikuwa kweli, ndiyo maana nililitumia. Aliniulizia uzito wa binti yangu alipozaliwa, akasema labda ameuandika. Nilimpa mkono nikaondoka, na sikumwona tena. Nilipata habari ya kifo chake mwaka mmoja baadaye, kutoka kwa muuza samaki wa kwao, na sikwenda mazishini kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha. Nayaandika haya kama yalivyo.

Jioni ile niliporudi kutoka Marani, miguu imevimba, sikuingia nyumbani. Nilikwenda kwenye ua. Jirani yangu, yule mama mjane, alikuwa upande wake akipeta wimbi kwenye ungo. Nilimwuliza kama alikuwapo kanisani siku Mwalimu alipokiri kosa lake. Akasema alikuwapo, alikaa mbele. Nikamwuliza, basi kwa nini hukuniambia, miaka yote hii, ukiniacha nimseme mtu yule mbele za watu? Nilisema mengi. Nilisema kwamba neno lake moja tu siku ile lingetosha, kwamba mwanangu angenyonya kwa mamaye. Alipeta mpaka makapi yote yakaruka. Kisha akautua ungo chini, akanijibu hivi:

"Baba Moraa, mwache Mwalimu, na mimi niache. Mkeo alikuambia ana njaa. Nilimsikia nikiwa huku kwangu, si mara moja. Wewe ukamwambia ameshiba."